Kulia Bado

Jumapili ya mwisho ya Oktoba 1977 nilikuwa kwenye cherehani, natia bitana makoti ya kiwanda, simu ikalia. Alikuwa Talib, rafiki wa kaka yangu Siddik, anapiga kutoka uwanja wa mashindano ya magari. Akanisalimu kwa adabu zake zote za Kipemba, kisha akaniuliza kama nina mtu karibu. Nikajua.

"Dada Hawabai," akasema, "Siddik ametangulia. Alikuwa amechutama kwenye gurudumu, mara akaegemea tairi. Daktari amesema ni moyo."

Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Halafu nikakaa sakafuni, maana nilikuwa sijasema na kaka yangu kwa miezi saba.

Siddik alizaliwa Unguja, na ufundi wa magari alijifunza kwenye gereji moja Darajani, bado yumo ndani ya kaptula za skuli. Baada ya mapinduzi tulihamia Mombasa. Februari 1968, Wahindi wenye paspoti za Kiingereza walipokuwa wakikimbilia ndege kabla mlango wa Uingereza haujafungwa, alitushika mkono mimi na mama, tukateremka London watu watatu na koti moja la baridi. Tulilivaa kwa zamu kwenda dukani.

Alipata kazi ya ufundi wa mabasi. Jumamosi na Jumapili zake alimpa Talib, mkimbizi mwenzetu, aliyekuwa akiendesha yale magari yanayozunguka uwanja mfupi wa lami, yanakunja kushoto muda wote na kusukumana. Nilimwambia kaka ni upuuzi wa walevi.

"Hawa, hata Makka watu wanazunguka kwa kushoto."

"Astaghfirullah! Unafananisha!"

"Sifananishi. Nakwambia upande tu."

Machi 1977 gari la Talib lilimshinda kaka kulitengeneza. Alikuja kwangu Tottenham kuomba uzi wa cherehani, akaufunge kutoka nyuma ya gari mpaka mbele, apime kama magurudumu yamenyooka. Mama alikuwa chumba cha pili, anaumwa. Siddik akala huku anaeleza.

"Talib akikanyaga breki kabla ya kona, gari linavuta kulia, linautaka ukuta. Kulia, Hawa, kila mara kulia! Nimepunguza upepo wa tairi, nimebadilisha springi, wapi."

"Uzeni gari mnunue punda."

Akacheka mpaka wali ukampalia.

Wiki ile ile, Alhamisi, mama akafariki. Siddik alishuka kaburini akampokea kwa mikono yake, hakutoa hata chozi. Wazee wakamsifu, wakasema huyu ndiye mwanamume. Siku ya tatu tulisoma hitma kwangu. Watu wamejaa, juzuu zimegawiwa, kaka hayupo. Akaja Talib na kijikaratasi kilichokunjwa. Siddik alikuwa ameandika kwa penseli: "Hawa, sitakuja. Kulia bado."

Damu ilinichemka. Mama ana siku tatu ardhini, yeye anahangaika na breki ya kulia! Nikamwambia Talib mbele ya wanawake wote, "Mwambie asikanyage hapa mpaka amalize kulia kwake."

Talib akaufikisha ujumbe neno kwa neno, ndivyo alivyo. Siddik hakuja. Ramadhani ikaingia, Idi ikapita, hakuja, na mimi sikumwendea. Najua kuwa si halali kumhama ndugu yako zaidi ya siku tatu. Nilijua hata wakati ule, na nilisali sala zangu tano kila siku na kinyongo kifuani.

Siku ya pili ya msiba Talib alikuja kupanga habari za maziko. Nikamuuliza kaka alikuwa anafanya nini pale kwenye gurudumu.

"Anatoa hewa kwenye breki. Hatuingii uwanjani hajaitoa."

"Ile ya kulia ilikuwa bado inamsumbua?"

Talib akanitazama. "Ya kulia haikuwa na kosa hata siku moja, Dada. Mbovu ilikuwa ya kushoto. Silinda yake imeshika kutu, haikamati, kwa hiyo ya kulia inakamata peke yake na gari linavutwa huko. Tuliitengeneza Jumatano, mama yenu bado yu hai."

"Na siku ya hitma? Alikuwa anatengeneza nini?"

"Hatengenezi kitu. Gereji imefungwa. Alikaa ndani ya gari, kwenye kiti changu, analia tangu asubuhi. Kila akinyanyuka aje kwako, machozi yanamrudia. Aliona haya kuingia kwa wazee na macho yamevimba vile."

"Ulipompa maneno yangu?"

Talib aliinama. "Alisema, 'Basi. Hawa ananicheka.'"

Kaka aliniandikia machozi yake, nami nikasoma upande wa breki. Nikamjibu kuhusu breki, naye akasoma kejeli. Sikuweza kumweleza Talib. Niliingia chumbani nikafungua Yasini, nisione hata herufi.

Jumanne asubuhi walimwosha msikitini. Nikaitwa nimwone kabla sanda haijafungwa usoni. Nikasema kwa sauti, wanaume wote wanasikia, "Kaka, sikukucheka. Sikufahamu ulichoandika. Nisamehe." Imamu akaniambia kwa upole nisogee, machozi yasimdondokee maiti. Nikasogea. Wakamfunika.

Walimsalia baada ya adhuhuri, wakamchukua makaburini nje ya mji. Sisi wanawake tulibaki ndani ya gari langoni. Mvua ilikuwa nyepesi. Talib na watu wawili walishuka kaburini, wakampokea, wakamwelekeza kibla. Zikapangwa mbao, udongo ukarudishwa kwa zamu, talkini ikasomwa. Watu wakaomba dua na kuondoka mmoja mmoja. Saa tisa na nusu tukarudi Tottenham.