Siku ya Kiapo Nilikuwa Dirishani

Kuna siku madaktari watatu wa jeshi waliniweka kitimoto karibu saa nzima wakinibishia kwamba mimi sipendi wanaume.

Chekeni tu. Siku hizi hata mimi nacheka nikikumbuka. Siku yenyewe sikucheka.

Naitwa Tuncay, mtoto wa Tokat, Uturuki. Haya yalinikuta nikiwa na miaka ishirini na moja, umri ambao kwetu kila kijana mwenye miguu miwili anaitwa jeshini.

Na si jambo la kuchagua. Hujaenda, kazi ya maana hupati, na hakuna mzee atakayekupa binti yake. Kwa kinyozi unaulizwa, harusini unaulizwa, msikitini unaulizwa: umeshatumikia?

Mimi sikuwa natafuta binti wa mtu, nadhani mmeshanielewa. Ila jeshi nililitaka, nililitaka kweli. Nasema hivi kwa sababu watu hawaniamini. Mzee wangu, Sıtkı, alikuwa sajenti mstaafu, na tangu nikiwa mdogo sikuwahi kuona kitu kilichompendeza kama gwanda lililopigwa pasi.

Siku ya kuniaga mtaa ulifungwa. Ngoma, zumari, bendera mabegani. Mama yangu, Münevver, akanipaka hina kiganjani kama ilivyo desturi, huku machozi yanamdondokea kwenye bakuli. Binamu zangu wakanirusha juu, mmoja wao, Erkut, akashindwa kunidaka, nikatua na kiuno. Magari yakapiga honi mpaka stendi.

Mzee hakulia. Alinishika shingo, akaniambia, "Usinitie aibu huko."

"Sitakutia, baba."

Jina la kambi naliweka mfukoni, halina faida hapa. Ni kambi ya mafunzo, vijana karibu mia nane, vichwa vimenyolewa, maharage mchana na jioni.

Nilipaweza. Kukimbia niliweza, kwata niliweza, na kwenye shabaha nikawa gumzo. Timu ya kombania ilikuwa haina mlinda mlango, nikakaa golini. Kitanda cha juu yangu alilala jamaa mmoja wa Siirt, Zülküf, mdomo haufungi.

"Wewe Tokat," akaniambia siku moja, "unatandika kitanda kama unaolewa. Punguza, unatuponza wenzako."

Vitanda vyote vya jirani vikacheka. Na mimi nikacheka, kwa sauti kuliko wote.

Sasa sikilizeni. Mafunzo ya awali yakiisha kuna siku ya kiapo. Hiyo siku ni kubwa kuliko harusi. Familia zinatoka kila kona ya nchi, zinakaa jukwaani, vijana wanasimama mistari na mistari, mkono juu ya bunduki, wanaapa kwa sauti moja. Wakimaliza, akina mama wanavamia uwanja kutafuta watoto wao.

Mzee alishakodi basi dogo. Mama alishaanza kukanda unga. Zülküf naye alikuwa anahesabu tutalala mara ngapi kabla ya siku hiyo.

Kiapo tulikaririshwa mpaka tukawa tunakiota. Ndani yake unaahidi kulitumikia taifa kwa ukweli. Kila tukifika hapo mimi nashusha sauti. Wenzangu waliona ni maneno tu ya gwaride. Mimi niliyachukulia kama yalivyo. Mtoto wa sajenti, ningeyachukuliaje?

Pale kambini kulikuwa na luteni wa ushauri nasaha, anaitwa Ferit, kijana wa chuo, mpole, anakukaribisha chai. Kila askari alipita kwake kabla ya kiapo.

"Una lolote linakusumbua?" akaniuliza. "Ukisema hapa linabaki hapa."

Nikakoroga sukari. Chai ikapoa.

"Afande," nikasema, "mimi napenda wanaume. Sijafanya lolote humu ndani na sitafanya. Lakini sitaki kuapa kuwa mkweli huku nimeficha kitu."

Akaweka kikombe chini polepole. Usoni alikuwa anaumia kweli, hilo sitamnyima.

"Tuncay," akasema, "kwa nini umeniambia?"

Jioni ileile nikaambiwa nifungashe, nihamie zahanati ya kambi. Ghorofa ya pili, chumba cha peke yangu, dirisha linatazama uwanja wa gwaride. Zülküf akauliza naumwa nini. Akaambiwa homa ya ini, asinisogelee.

Kesho yake akaja kapteni wetu, Bahadır. Mtu wa miraba minne, mkali, lakini haonei mtu. Akavuta kiti.

"Mimi na wewe hatuna ugomvi," akaanza. "Unapiga shabaha kuliko makoplo wangu."

"Basi niache niape, afande."

"Nikuache vipi? Vijana wakijua, bafuni nani atakulinda? Nikuwekee mlinzi?"

"Hawajui, afande."

"Mimi najua. Ferit anajua. Sheria inasema nikijua niripoti. Nisiporipoti, mwenye kosa ni mimi."

"Kambi ina watu mia nane, afande. Unadhani niko peke yangu?"

Akajikuna kidevu. "Sidhani. Hao wengine hawajafungua mdomo, kwa hiyo kwangu hawapo."

"Kwa hiyo ningedanganya, ningeapa?"

"Ungeapa."

"Ningeapa kwamba mimi ni mkweli."

Akavaa kofia.

"Nitawapigia simu kwenu," akasema akiinuka, "wasije bure."

"Usimwambie mzee sababu. Nakuomba, afande. Sema naumwa."

"Nitasema huapi. Basi."

Baada ya hapo nikapelekwa hospitali ya jeshi mjini, mbele ya wale madaktari watatu. Hapo ndipo kituko chenyewe kilipo.

Kumbe wapo vijana wanaojifanya mashoga ili wakwepe jeshi. Madaktari wamewachoka. Wakaniangalia juu mpaka chini kama mtu anayekagua kondoo wa sikukuu.

"Unavaa nguo za kike?" akauliza wa kwanza.

"Hapana."

"Unajipaka rangi?"

"Hapana."

"Mpira unacheza?"

"Ndiyo. Golini."

Wakatazamana. Wa pili akatupa kalamu mezani. "Mlinda mlango. Halafu anatuambia shoga."

"Una picha ya kuthibitisha?" akauliza wa kwanza tena.

"Picha gani?"

Akanieleza picha gani. Sitaandika. Nilisikia uso unawaka mpaka masikioni.

"Sina," nikasema, "na hata ningekuwa nayo nisingewapa. Sijaja hapa kuomba kuondoka. Nimeletwa. Nataka kurudi kambini, niape na wenzangu, nipelekwe hata mpakani kwenye theluji. Mkisema mimi mwongo, sawa, mimi mwongo. Nirudisheni."

Oneni mtego huo. Wakiniamini, nimefukuzwa. Wasiponiamini, nabaki jeshini, ila nimeonekana mkwepaji na kesi inanisubiri. Nikajikuta naombea nionekane mwongo, mimi niliyefika pale kwa sababu ya kukataa kudanganya.

Yule wa tatu, mzee wa mvi, kanali, hakuwa amesema neno tangu mwanzo. Akavua miwani.

"Anayetaka kukimbia huja na ushahidi mkobani," akawaambia wenzake. "Huyu kaja mikono mitupu na anatubembeleza abaki. Basi anasema kweli."

Akasaini. Sifai.

Jamani, kule kulilia kubaki ndiko kulikonifukuza. Nilitoka pale, dereva akanishika mkono kunipandisha gari.

Siku ya kiapo bado nilikuwa zahanati, nasubiri karatasi zangu zikamilike. Nikajipa moyo kwamba angalau nyumbani wameshapigiwa simu.

Asubuhi mabasi yakaanza kuingia. La kwanza, la kumi, sikuhesabu tena. Nikasikia zumari za kwetu. Zumari za Tokat nazijua hata zikipigwa chini ya maji.

Nikasogea dirishani. Nikawaona.

Mzee amevaa suti yake ya harusi, beji ya usajenti kifuani. Erkut na bendera. Mama katikati, kitambaa chake cha zambarau, kikapu mkononi.

Nikajua kapteni hajapiga simu, kasahau, na sasa watanitafuta uwanja mzima mbele za watu.

Vijana wakaingia kwa kwata. Kofia moja, gwanda moja, mwendo mmoja, kutoka jukwaani humjui huyu wala yule. Mama akawa anageuza kichwa huku na huku. Mzee akainama sikioni kwake, akanyoosha kidole mstari wa tatu, kwa kijana fulani mwenye umbo kama langu.

Mama akatazama. Halafu akainua mkono akaanza kupunga.

Alipunga kiapo kizima. Sauti mia nane zinaapa, madirisha yanatetemeka, na mama yangu anapunga huku anajifuta machozi kwa mkono mwingine. Nikainua mkono wangu nusu, nikaushusha. Nilijiona mjinga, nampungia mtu anayemlilia mwingine.

Kiapo kikaisha, akina mama wakamiminika uwanjani. Wa kwangu hakufika. Mzee alimshika mkono, akamwongoza taratibu kuelekea getini, anamwambia maneno, hageuki nyuma.

Sikuelewa. Nililala kifudifudi mpaka walipoleta chakula.

Niliporudi Tokat, mzee alinisubiri stendi, peke yake. Hakunikumbatia.

"Kapteni alinipigia kabla ya kiapo," akasema. "Nilimkamua mpaka akasema sababu."

Kwa hiyo alijua. Alipanda basi akijua, akavaa beji akijua, akamwonyesha mama mtoto wa watu akijua.

"Mama yako hajui kitu. Alikuona umesimama mstari wa tatu, Erkut akampigia picha. Nimemwambia wa mstari ule mlipakiwa malori siku ileile kwenda mpakani. Usimharibie."

"Baba, mimi..."

"Sitaki tulizungumze. Kuna jamaa yangu ana karakana ya samani mjini İnegöl. Utakaa huko mpaka muda wako wa jeshi uishe. Utapiga simu nyumbani kila Ijumaa. Ukirudi, tutakupokea kwa ngoma."

Nikakaa İnegöl miezi inayozidi mwaka, napiga msasa miguu ya viti. Kila Ijumaa nikamdanganya mama kuhusu theluji ya mpakani. Yeye ananiuliza soksi zinatosha? Nasema zinatosha. Muda ulipoisha nikarudi, ngoma zikapigwa, nikarushwa juu tena. Mzee akanipigia saluti mbele ya mtaa mzima. Mimi nikamrudishia. Sijui nani kati yetu alikuwa anataka kulia zaidi.

Ile picha ikawekwa fremu sebuleni. Kila mgeni anaonyeshwa. "Huyu hapa, mstari wa tatu." Nami naitikia.

Miaka ikapita. Mwaka juzi nimekwenda likizo, wageni wameondoka, mzee yuko bafuni anatia udhu wa alasiri. Mama anaifuta fremu vumbi.

"Huyu kijana," akasema, sauti ya kawaida tu, "sijui mama yake ni wa wapi. Laiti ningempelekea nakala."

Nikamgeukia.

"Mama, tangu lini unajua?"

"Siku ileile. Nilikuona dirishani."

"Mbona ulikuwa unampungia yule?"

"Nani kasema nilikuwa nampungia yule? Mkono wangu ulikuwa juu. Nilikuwa nakupungia wewe."

Nikakaa kwenye zulia. Miaka yote hiyo, na ule mkono wangu niliouinua nusu.

"Kwa nini hukusema?"

"Baba yako alijitahidi sana kunificha. Ningeanzia wapi? Na wewe kila Ijumaa unanisimulia theluji kwa furaha." Akairudisha fremu mahali pake. Halafu akaniuliza kile ambacho hakuna aliyewahi kumwambia. "Walikufungia pale juu kwa nini?"

Maji yanamwagika bafuni. Mama ananitazama, anasubiri, hana hasira hata kidogo.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Neno nililompa luteni kwa kikombe kimoja cha chai, kwa mama yangu halikutoka.

"Nilikuwa naumwa, mama."

Akaniangalia sana.

"Umepona?"

"Nimepona."

"Haya," akasema, akaenda kuweka maji ya chai.

Funzo mnalolitaka sijui kama ninalo. Nawaona kwenye televisheni wenye tai zao wanabishana kama watu wa aina yangu waruhusiwe kutumikia jeshi bila kujificha. Mmoja anataja nidhamu, mwingine haki, mwingine mabafu. Sisi humo ndani tupo, tulikuwepo na tutakuwepo, ruhusa itoke isitoke. Wanachoamua wao ni nani alazimike kudanganya, na uongo wenyewe hauishii getini mwa kambi. Kwetu umekaa sebuleni, tunaufuta vumbi, na kila mmoja anamlinda mwenzake nao.