Mguu Uliopona kwenye Fomu

Nianze na mimi mwenyewe, maana nimechoka na watu wanaosimulia ubaya wa wenzao tu. Mimi ni nesi wa utafiti hapa Kampala. Ulimi wangu mkali, hasira zangu za karibu, na wagonjwa kwenye foleni wananiogopa kuliko sindano. Nililelewa Kibuli na shangazi yangu, dada wa baba, ambaye hakujaaliwa mtoto. Sare zangu zote za shule alinishonea yeye, kwa cherehani ileile aliyoshonea watu magauni kwenye baraza la duka kule Old Kampala. Nyumbani tulisema Kiswahili cha wazee wetu waliokuja na biashara na dini, lakini ukimkuta sokoni anagombania bei, Kiganda chake kilikuwa kinatoka kama maji.

Mwaka huo chuo kikuu kilimpa profesa wetu fedha za majaribio. Hizi ni fedha ndogo za kumsaidia mtu atoe kitu maabara na kukifikisha kwa mgonjwa, aone kama kinamfaa binadamu au kinafaa kwenye vichupa tu. Kikifaa, wafadhili wakubwa wanaleta mradi wa miaka. Kisipofaa, mnarudisha funguo za chumba na kila mtu anajua kwao. Kitu cha profesa kilikuwa bandeji ya nyuzi za mgomba, ya vidonda vya miguu vya watu wa kisukari. Mwanzo tulimcheka. Lakini wallahi ile bandeji ilifanya kazi, niliona kwa macho yangu.

Shangazi alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikificha miezi, akijifukiza udi ili nisisikie harufu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nikamvua soksi kwa nguvu, nikampigia kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Kanuni ya utafiti ilikataza kumwandikisha ndugu yako. Nikamwandikisha. Nilimwambia akifika kliniki aniite musawo, yaani daktari kwa Kiganda, kama wanavyotuita watu wote, na asionyeshe kwamba ananijua.

Alifurahi utadhani amealikwa harusini. Alhamisi ya kwanza alikaa kitini, akaniangalia juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Musawo, una watu kwenu kweli, au ulizaliwa na hasira hizo?" Wagonjwa wakaangua kicheko. Mimi nikauma mdomo, nikaendelea kumfungua kidonda.

Kila Alhamisi tulisafisha kidonda, tukaweka rula pembeni na karatasi yenye namba ya mshiriki, tukapiga picha. Shangazi aliposikia kwamba mguu utapigwa picha, alidai hina. "Mguu unakwenda chuo kikuu," alisema, "utakwenda uchi?" Basi kila Jumatano baada ya alasiri nilikaa chini barazani nikampaka hina kwenye kucha na ukingo wa wayo, nikikipita kidonda mbali. Kesho yake nilivaa koti jeupe, nikauona mguu uleule kama mgeni, nikaandika namba.

Kidonda kikapungua. Kilianza kama mbegu ya fenesi, kikawa kama harage, mpaka wiki ya kumi na mbili, ambayo ndiyo ya mwisho, kikabaki kitobo kama punje ya mtama.

Fomu ya wiki ya kumi na mbili ina vijumba viwili: umepona, haujapona. Ukiandikwa haujapona, mradi unaendelea kukupa bandeji na kukutibu miezi mitatu zaidi. Ukiandikwa umepona, unashukuriwa na kwenda zako. Na kupona maana yake ngozi imefunga, kavu, hakuna tundu. Mimi nilikibonyeza kile kitobo kikatoa maji. Hakuna aliyesimama nyuma yangu, wala aliyenishika mkono.

Asubuhi ile profesa alikuwa ametuambia, "Tukipata wawili watatu zaidi waliopona, mradi mkubwa ni wetu." Nisimsingizie, hakumwambia mtu aongope. Ila mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na nilikuwa nimeshaanza kujiona ofisini, kwenye mlango wenye jina langu. Nikatia alama kwenye umepona. Picha nikaipiga kwa pembeni, hina ikaonekana vizuri na kitobo kikaingia kwenye kivuli cha kidole.

Shangazi hakuwa mjinga. "Musawo, na hiki kitobo?"

"Hilo kovu."

"Kovu linatoa maji?"

Nikamwinamia sikioni. "Nani nesi hapa, mimi au wewe?"

"Haya," akasema, akavaa kiatu.

Niliamini kitafunga chenyewe ndani ya wiki. Baada ya wiki tatu kilikuwa kimerudi kuwa harage. Nikamwambia asafishe kwa maji ya chumvi. Kabatini kwangu kulikuwa na maboksi ya bandeji zilizobaki, na ufunguo niliuvaa shingoni mimi. Ningechukua moja tu, nani angejua? Lakini kumpa bandeji kulikuwa ni kukubali kwamba niliandika uongo, hata kama ningekubali mbele yake peke yake. Sikuthubutu. Nilikuwa nashinda chuoni tukiandika maombi ya mradi mkubwa, na nikirudi nilikuwa nimechoka, nikamjibu vibaya akinionyesha. Siku kidole kilipokuwa cheusi ndipo nilipomkimbiza hospitali. Wakamkata mguu chini ya goti.

Daktari wa upasuaji alimuuliza kwa nini alichelewa. "Niliambiwa nimepona," alisema, akiangalia dari. Na majirani walipokuja kumpa pole, nikawasikia wakimuuliza kazi ya nesi wa nyumbani ni nini basi, naye akanitetea. "Hata hao wakubwa hukosea, sembuse mtoto huyu. Muacheni mwanangu." Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nikaimwaga yote, nikachemsha nyingine.

Kwenye utafiti hayo yote hayakuwepo. Baada ya wiki ya kumi na mbili hakuna kinachohesabiwa. Mradi mkubwa ukaja, nami nikapata ule mlango wenye jina.

Halafu chuo kikaita washiriki wote kuwarudishia matokeo. Nesi mwenzangu ndiye aliyewapigia simu, mmoja mmoja. Nilimwambia shangazi asijisumbue na magongo kwenye ngazi zile. "Ala! Mguu wangu umesoma wiki kumi na mbili," akasema, "na siku ya mahafali nisiende?" Alifika kwa gari la kukodi, akakaa mstari wa mbele, buibui limemfunika mpaka chini, magongo chini ya kiti.

Profesa aliwasha picha. Mguu ukajaa ukutani, mkubwa kama mlango, hina inang'aa, kidonda hakionekani. Akasema mshiriki huyu alipona kabisa, na picha hii ndiyo iliyowashawishi wafadhili. Mwenzangu akatafsiri kwa Kiganda. Watu wakasema eee.

Shangazi akanyoosha mkono. Angeweza kusema Kiganda, ukumbi mzima ukasikia. Akaniangalia, akasema Kiswahili, kile cha kwetu, cha haraka, ambacho waliozoea Kiswahili cha kambi za askari hawakishiki. "Musawo, muulize mzee huyu, nani aliyeandika kwamba mguu wangu umepona? Maana kitobo nilikiona, na mwandishi nilimwonyesha."

Profesa hajui Kiswahili. Akanigeukia, anatabasamu. "Anasema nini mama?"

Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema huo ni mguu wake, na anashukuru sana."

Ukumbi ukalipuka makofi. Profesa wa watu akafurahi kikwelikweli, akashuka jukwaani. "Huyu ndiye? Asimame basi, watu wauone!"

Shangazi aliwashonea wake za mabalozi miaka na miaka. Kiingereza anakisikia neno kwa neno. Alikuwa amesikia nilivyomgeuza. Buibui lake lingeinuka kidogo tu, yangeisha yote, mlango wangu na mradi wa profesa. Mikono yake ikashika kitambaa gotini. Ikakaa hapo.

"Mwambie miguu inaniuma," akasema.

Hiyo niliitafsiri kama alivyoisema. Profesa akampa mkono wa pole, akarudi kwenye picha nyingine.

Nilimrudisha Kibuli mwenyewe. Nilimfikisha barazani, palepale nilipokuwa nampaka hina, nikamsaidia kukaa, nikamwekea magongo ukutani. Mlango ulikuwa umefungwa, jirani hayupo, tulikuwa sisi wawili.

"Ni wewe uliyeandika," akasema.

"Ni mimi, shangazi."

"Na kazi wamekupa?"

"Wamenipa."

Akatikisa kichwa polepole, kama anapokubali kipimo cha nguo.

"Haya, musawo," akasema. "Basi mguu haukwenda bure."