Makopo ya Chokaa Ambayo Salvator Hakuyaandika

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Salvator Niyonzima ameinama juu ya tangi la lita elfu kumi katika eneo la viwanda la Ingleburn, Sydney. Amevaa miwani ya plastiki na glavu zinazofika kwenye viwiko, na uso wake ni wa mpishi anayekagua mchuzi wa wageni. Skrini ndogo ukutani inamwambia atie makopo sita na nusu ya chokaa. Salvator ameiona, lakini anamimina moja, anapima, anaandika, kisha anaongeza.

"Chumvi unaongeza, kupunguza huwezi," anasema. "Na chokaa ni vilevile."

Maji yaliyomo tangini yametoka kwenye kiwanda kinachopaka nikeli mabomba na vipuri vya magari ili ving'ae. Nikeli ni metali nzito, na ikipita kwenda kwenye bomba la majitaka la jiji kwa zaidi ya miligramu tatu kwa lita, kiwanda hiki kinaweza kunyang'anywa kibali. Chokaa huifanya igande na kuzama chini ikawa tope. Chokaa ikiwa kidogo nikeli haizami, ikizidi tope linajaa bure. Kwa miaka sita, na sasa kwa dola thelathini na moja kwa saa, kazi ya Salvator imekuwa kujua kiasi.

Hakuna kiwandani anayeijua kazi hiyo kumshinda Mrundi huyu wa miaka arobaini na saba. Hata hivyo, mwaka jana nusura ajifukuze kazi mwenyewe.

Ilianza kiwanda kilipoamua kutumia kompyuta itakayotabiri kila tangi linahitaji chokaa kiasi gani. Aliyeletwa kuiandaa ni Frida Kokushubila, mhandisi kijana kutoka Bukoba aliyesomea shahada ya pili hapahapa Sydney. Alichukua madaftari ya Salvator ya miaka yote mitano akailisha kompyuta, ijifunze kutoka kwake.

"Nilipoyaona nilifurahi mno," anakumbuka Frida. "Mwandiko msafi, hakuna siku iliyorukwa. Nikasema, baba huyu Mungu ambariki."

Kompyuta ilisoma, ikatafakari, ikatoa jibu. Maji yawe machafu sana, kopo moja. Yawe machafu kidogo, kopo moja. Salvator alipoliona jibu hilo alijua limekosewa, kwa sababu tangi la kawaida hula makopo saba.

Kosa halikuwa la kompyuta. Kila asubuhi Salvator alianza na kopo moja, akaliandika. Kisha akaongeza, akapima, akaongeza tena, mpaka kipimo kikashuka chini ya tatu, na hapo ndipo aliposhika kalamu kwa mara ya pili. Maji yaliyotoka yalikuwa safi siku zote, lakini kwa mujibu wa daftari yalisafishwa na kopo moja, na kompyuta iliamini ilichosoma.

Wala hakuwa mvivu. Salvator aliishi miaka kumi na minne katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na huko alisimamia mabomba ya maji.

"Kambini ukiandika chiffre mbaya, namba mbaya, wakubwa wa mashirika wanakuja na magari," anasema. "Hawaulizi maji iko namna gani. Wanauliza nani ameandika. Basi mimi nikajifunza, kwanza tengeneza, kisha andika."

Jioni hiyo, nyumbani kwao St Marys, alimweleza mkewe, Anésie, ambaye anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Anésie aliweka kijiko chini.

"Baba Belyse, uliandika uongo?"

"Sikuandika uongo. Niliandika mwanzo na mwisho."

"Na katikati?"

"Katikati nilikuwa na kazi."

"Mimi mzee akikataa uji, ninaandika amekataa uji," alisema Anésie. "Wewe ungeandika ameshiba."

Asubuhi iliyofuata meneja alikuja kushuhudia jaribio la kwanza, amevaa viatu visivyowahi kukanyaga tope. Frida alibonyeza, skrini ikasema kopo moja, Salvator akalimimina, na wengine wote wakaisogelea skrini kutazama michoro. Salvator alimwona binti wa watu akiisoma upya skrini ileile. Alimhurumia, na alijionea aibu. Wakati hakuna anayetazama tangi, akatia makopo mengine sita.

Baada ya saa moja kipimo kikasoma moja nukta mbili. Watu wakapiga makofi. Meneja akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu mashine itamimina kopo hilo moja yenyewe, na Salvator atatafutiwa kazi nyingine, labda ya kufagia. Kwa kuficha jambo moja zaidi, alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

"Na mimi nilipiga makofi," anasema Salvator. "Ningefanya nini?"

Msimamizi wa zamu, Mkenya aitwaye Ogutu, anasema alishuku mapema. "Niliona chokaa imejaa kwa viatu zake. Lakini manager alikuwa ana-smile, na manager aki-smile, wewe unamwacha tu."

Ijumaa mchana Salvator alimfuata Frida kwenye chumba cha chakula. Angenyamaza, maji machafu yangetoka Jumatatu. Angesema, pengine hiyo Jumatatu asingekuwa na kazi hata ya ufagio.

"Dada Frida," alisema, "mashine yako ni mwongo. Mimi ndiye nilimfundisha."

"Nilicheka, halafu nikalia," anasema Frida. "Halafu nikamwuliza, kaka Salvator, makopo mangapi hasa?"

Walirudia jaribio mbele ya Ogutu, safari hii kwa kopo moja la kweli. Kipimo kilisoma kumi na moja nukta nne. Salvator aliiandika namba hiyo mwenyewe daftarini, akatia saini jina lake lote, akaketi juu ya ndoo kusubiri barua ya kufukuzwa.

Barua haikuja. "Manager alikasirika kama ten minutes," anasema Ogutu. "Halafu akauliza nani mwingine anajua hiyo tangi. Tukamwambia hakuna."

Mashine ya kumimina ikaahirishwa. Kwa wiki nane Salvator aliandika kila kopo na kila kipimo, vizuri na vibaya, na Frida akaifundisha kompyuta upya. Sasa tope limepungua karibu kwa moja ya tano, na Salvator amebaki palepale kwenye tangi. Hubishana na skrini karibu kila siku. "Jumanne ilisema nane, mimi nikasema saba," anakiri bila furaha. "Ilikuwa nane."

Mwezi Februari anatarajia kuanza masomo ya cheti cha kusafisha maji, ili siku moja awe yeye anayewafundisha wageni kazi hii. Kinachomchelewesha ni swali la mwisho kwenye fomu ya maombi: eleza kosa ulilowahi kufanya kazini. Limeachiwa mistari minne. Bintiye Belyse, mwenye miaka kumi na sita, alimshauri kwa Kiingereza chake aseme tu anafanya kazi kupita kiasi, kama wanavyosema wote: "Dad, just say you work too hard. Everyone does."

Salvator alikataa, akaomba karatasi za ziada.

"Nimejaza kurasa tatu," anasema, "na bado niko mwaka wa kwanza wa kazi hapa."