Mkono Ulionyamaza

Baba yangu alikuwa dresa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchanja ndui. Dresa, kwa asiyejua, alikuwa mtu aliyefundishwa na wazungu kufunga vidonda, kugawa kwinini na kuchanja, kisha akapewa kaptula ya kaki na baiskeli, akajiona daktari. Nasema hivi nikiwa nampenda. Nilimpenda kuliko mtu yeyote pale nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Mtendeni, na hapo ndipo panaponiuma.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kama alivyopenda kuisimulia. Nasikia kwingine watu walikimbilia porini wakimwona mchanjaji. Kwetu Unyamwezini neno lilikuwa tayari. Waganga walichanja watu chale tangu zamani, wakapaka dawa kwenye damu ili nyoka asiwadhuru na mchawi asiwaweze. Baba alipofika na kusema amekuja kuchanja, watu walifunua mikono. Waliona ni chale nyingine tu, ya serikali. Alikasirika wakimwita mganga, lakini jina hilo lilimsaidia kila siku.

Bibi, mama yake, alikaa Kwihara, kando ya ile njia ya misafara. Uso wake ulikuwa umejaa makovu ya ndui aliyougua akiwa msichana, enzi za wapagazi. Alinitania kwa kuniita mke mwenzake, akidai namzidi wivu. Mdogo wangu wa kike, wa miaka minne, alilelewa kwake tangu alipoachishwa ziwa, kama ilivyokuwa desturi.

Mwaka ule baba alikwenda kuchanja Kwihara mwishoni mwa kiangazi, nami akanipakia kwenye baiskeli. Dawa ilikuwa imekuja kwa treni ndani ya vichupa vyembamba vya kioo, naye aliifunga nyuma kwenye kopo la bati. Njiani tairi likatoboka. Tulikaa juani mpaka alipomaliza kuziba. Nakumbuka niliposhika lile kopo lilinichoma vidole, nikaliweka chini nikavipuliza. Baba alikuwa ameinamia tairi, hakuona.

Tulipofika, bibi alikuwa wa kwanza kutoa mkono.

"Mama, wewe huna haja," baba alisema. "Ulishaugua."

"Nichanje, baba. Wanaume hawa wakiona kizee hakilii, wataona aibu kulia."

Akamchanja. Akamchanja na mdogo wangu, aliyelia kidogo kisha akazunguka kijiji kizima akiwaonyesha watu mkono wake kama amevishwa bangili.

Baada ya wiki moja baba alirudi kukagua. Mkono uliopokea dawa hutoa lengelenge, kisha kigaga, kisha kovu, kama hili langu nililolipata nilipochanjwa mjini mwaka uliotangulia. Kwihara hakukuwa na lengelenge hata moja. Baba hakushtuka. Alifundishwa kwamba mkono usiojibu ni wa mtu aliyekwisha kuwa na kinga, na sababu aliijua kabla hajaulizwa. "Ndui imepita njia hii tangu enzi za misafara," alituambia mezani. "Watoto wa pale huzaliwa na kinga damuni." Niliona hakuna mtu mwenye akili kama baba yangu.

Siku ya ukaguzi bibi alikuwa mazishini kijiji cha pili, hawakuonana. Nilipopelekwa kwake siku chache baadaye kuchukua karanga, alinishika bega.

"Mke mwenzangu, kamwambie baba yako hivi. Mimi ndui naijua, nayo inanijua. Aliponichanja, kesho yake tu mkono uliwasha ukavimba, kisha ukatulia. Mkono wa mtoto umenyamaza. Anayeijua ndui hanyamazi. Arudi amchanje tena." Nikaanza kuondoka, akaniita. "Na umwambie, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Nilifika nyumbani nikamkuta baba na rafiki zake wawili wanakunywa kahawa barazani. Niliufikisha ujumbe. Sikusahau hata neno moja. Lakini niliufikisha nikiwa nimeinama mgongo, nimejifunga kanga ya mama kiunoni, na sauti ya pengo kama ya bibi, nikivuta maneno kwa lafudhi ya Kinyamwezi ambayo watoto wa mjini tuliiona ya kishamba. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Baba alifuta machozi akasema, "Mkono wa kizee huwasha hata ukitambaliwa na inzi," wakacheka tena. Akanipapasa kichwa. Niliona raha siku ile ambayo sijaiona tena.

Nimefanya kazi hospitali miaka mingi tangu wakati huo, na nimesikia wasomi wakubwa kuliko baba yangu. Jambo jipya likiingia, kwanza hutafutiwa kigoda cha zamani likalie. Likikaa, tunasema tulilijua. Lisipokaa, tunaona kasoro ni yake. Watu wa kwetu waliikalisha sindano kwenye kigoda cha chale, ikakaa vizuri, ikawafaa. Baba naye aliikalisha mikono mitupu ya watoto kwenye kigoda alichopewa na walimu wake. Bibi peke yake ndiye aliyeona kwamba haikai. Tulimcheka.

Mvua zilipoanza, msafiri mmoja alilala Kwihara akiwa na homa. Hazikupita wiki tatu watoto wakaanza kuugua. Jumbe wa kijiji alijenga kibanda cha wagonjwa nje ya mashamba, akafunga kamba kukizunguka, akakataza mtu yeyote kuvuka isipokuwa aliyewahi kuugua ndui. Bibi akavuka akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni.

Mama alisimama penye kamba kila asubuhi, nami nikiwa nimeshika kanga yake. Alikuwa akiita, "Mama, umekula?" Kwetu mama humwita hivyo binti yake mdogo. Kutoka kibandani sauti ilijibu, "Nimekula." Kesho yake, "Nimekula." Siku ya tano bibi ndiye aliyejibu. Mama alikaa chini kwenye tope.

Bibi alimwosha, bibi alimfunga sanda, na kaburi lilichimbwa na wazee watatu wenye makovu usoni. Baba alisimama upande wa pili wa kamba na sanduku lake la dawa mkononi. Sikumwona akilia, na kwa muda mrefu nilimchukia kwa hilo.

Bibi hakumlaumu hata siku moja. Mimi aliniuliza mara moja tu, tukipura mtama. "Ule ujumbe, ulimfikishia?"

"Nilimfikishia, bibi."

Akaendelea kupura. Hakuna uongo uliowahi kunitesa kama ukweli ule.

Miaka ikapita. Bibi alikwisha kufa, mimi nilikuwa nimeanza mafunzo ya uuguzi, na baba alikaribia kustaafu, ulipokuja waraka mpya kwa wachanjaji. Aliusoma barazani, kwa sauti, akifuata mistari kwa kidole. Mkono usiojibu usihesabiwe kuwa na kinga. Huenda dawa imekufa kwa joto. Mtu achanjwe tena. Mwenye kinga ya kweli mara nyingi huwashwa mapema hata kwa dawa iliyokufa, siku ya kwanza au ya pili, kisha hutulia.

Alirudia mstari huo wa mwisho. Akavua miwani.

"Bibi yako alikutuma siku ile," alisema. "Niambie tena alivyosema."

Nilimwambia. Nilisimama wima, kwa sauti yangu mwenyewe, neno kwa neno: kwamba ndui inamjua, kwamba mkono uliwasha kesho yake, kwamba wa mtoto umenyamaza, kwamba arudi. Sikusahau hata neno moja kati ya yale. Baba alisikiliza akitazama kopo la bati lililokuwa miguuni pake.

"Ulinieleza vizuri hivi?"

"Hapana, baba. Niliigiza."

Akavaa miwani.

"Ndiyo," alisema. "Nakumbuka. Ulichekesha sana."