Siku Tulipoacha Kuwa Ndugu na Akina Festo

Nikikata kamba za robota la mitumba, ile harufu ya dawa na nguo zilizobanwa ikinipanda puani, namkumbuka Festo. Leo nina maduka matatu Sumbawanga mjini, na shule niliiachia darasa la nne. Anayebisha aje dukani tuonane. Lakini haya ninayowasimulia ni ya dada yangu Editha, alivyoponea chupuchupu kukosa mume.

Zilikuwa enzi za ruksa, maduka yameanza kupumua. Festo alipanda kutoka Muze, kule bondeni, akiuza mitumba, akampenda dada. Mimi nilimpenda upesi zaidi, maana aliniahidi viatu.

Siku washenga walipofika kwetu Malangali, mambo yalikuwa matamu mpaka msemaji wao aliposema kijana wao ni kitukuu wa Petro Sikazwe. Shangazi yangu akaweka chini kibuyu cha pombe ya ulezi.

"Petro yupi? Yule wa misheni?"

"Huyo huyo, mama."

"Basi nyweni mwende salama. Huyo ndiye baba wa baba yetu. Kaka," akamgeukia baba, "unataka kumwoza mtoto kwa ndugu yake?"

Kweli, sisi pia tulikuwa akina Sikazwe. Babu yangu aliitwa Kosmas Petro Sikazwe, na alishafariki, wa kumuuliza hakuna. Washenga wakaondoka vichwa chini. Festo hakukoma kuja. Akitoa shikamoo, shangazi anamjibu, "Marahaba, kaka yake Editha." Dada anaonja tonge moja, anasukuma sahani. Akakonda, gauni likawa linamning'inia.

Baba yangu alikuwa seremala, si mtu wa maneno. Asubuhi moja akanipakia kwenye keria ya baiskeli, tukashika njia ya misheni. Uwanda wetu wa Ufipa hauna pa kujificha, upepo ulinipiga hadi meno yakagongana. Katekista mzee akatuletea kitabu cha ubatizo, kikubwa kama mlango wa kabati, kinanuka nta na mavi ya panya. Akapitisha kidole, midomo ikicheza.

"Kosmas huyu hapa. Baba: hajulikani. Mama: marehemu. Msimamizi: Petro Sikazwe."

"Msimamizi?" baba akauliza.

"Ndiyo. Petro alimshika bega tu siku ya ubatizo. Yatima wengi wa zamani walifanya hivyo. Aliyekusimamia unamwita baba, ukiulizwa jina la baba unamtaja yeye, watoto wako wanalirithi. Hamna damu nao hata tone."

"Na kanisa linasemaje?"

"Kwa vitukuu? Waoane tu. Ila pole, mzee mwenzangu. Ukoo wa Sikazwe si wako."

Nilimtazama baba nikitegemea atanuna. Akacheka! Akamshika katekista mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kama anapampu maji. Njia nzima aliimba, yeye asiyeimba hata kanisani, na kwenye mteremko akainua miguu juu ya pedali, nikajua leo tunakufa.

Nyumbani shangazi akasikiliza yote, akashika kiuno. "Kwa hiyo sasa sisi ni akina nani?"

"Ni watu wenye harusi," baba akajibu.

Editha hakupiga kigelegele. Alichuchumaa jikoni, akavuta sufuria ya ugali wa ulezi na samaki mgebuka aliyebaki, akala, machozi yakidondokea mchuzini. Nililalamika kwamba anamaliza chakula changu. Baba akanizaba kofi jepesi, huku bado anacheka.

Nilimwona baba mjinga. Mtu anaambiwa ukoo si wake, anafurahi? Dada nilidhani ana njaa tu. Halafu mwaka jana binti yangu mwenyewe alipatwa na jambo lake, siku nyingi sahani inarudi ilivyokwenda. Jioni aliyoomba aongezewe ugali, mimi, mwanaume ninayesifika mjini kwa moyo mgumu, nilitoka uani nikajifanya nakagua tairi la gari.