Ruhusa ya Kumwita Kipkirui

Ukitaka kuigiza Chafya ya Kwanza, mchezo wa nyimbo alioutunga marehemu Kipkirui, lazima upitie kwa mjane wake, Rebeccah, pale Kiptere. Waigizaji wa kulipwa kutoka Nairobi walipitia kwake. Vijana wa kanisa nao walipitia kwake, na wote waliondoka na ruhusa yenye sharti moja: majina hayabadilishwi. Densi unaweza kuikata, hata nafasi ya nyanya ukampa mwanaume aigize, shauri yako. Majina, hapana.

Maana mchezo wenyewe unagusa jambo ambalo Wakipsigis hawalifanyii mzaha. Mtoto akizaliwa, wanawake humwitia majina ya wazee waliokufa, moja baada ya lingine. Akipiga chafya kwa jina fulani, basi mzee huyo amerudi. Kipkirui alitumia majina ya kubuni tu, mtoto akawa mwanasesere wa vitambaa, na nyuma ya pazia mama mmoja hunusa ugoro ili apige chafya.

Sasa huyu Ogoti, mwalimu wa kwaya ya wachuma chai kule Boito! Mkisii mwenye roho nzuri kupita kiasi. Aliposikia Rebeccah atakuja kutazama, akaona amheshimu. Bila kuuliza mtu, akaondoa jina la mwisho, lile linalopigiwa chafya, akaweka la mtunzi. Wanasema wema hauozi. Huu ulioza siku hiyo hiyo.

Rebeccah alikaa mbele mchana huo, bintiye Janeffer kando yake, tumbo limemtangulia. Ndani ya tumbo hilo ndimo Rebeccah alimomngojea mumewe arudi. Hakuwa na tumaini lingine, wala hakulificha.

Waimbaji wakaita jina moja, wakaita lingine. Kisha wakaimba, "Kipkirui, njoo!"

Chafya ikasikika. Ndogo, ya mtoto mchanga. Mongina, aliyepewa kazi ya kupiga chafya, akachungulia nje ya pazia, ugoro ungali kidoleni. "Si mimi," akasema. Watu wakacheka wakidhani ndio mchezo. Rebeccah hakucheka; macho yake yalimganda yule mwanasesere.

"Mama, nilitaka tu kukupa heshima," Ogoti alimwambia baadaye, jasho likimtoka.

"Umemwita, Ogoti. Na ameitika."

Siku zilipotimia, Janeffer akajifungua katika hospitali ya Kaplong, mvulana, mzima kabisa. Wanawake wakaanza na Kipkirui. Mtoto kimya. Rebeccah akaita mwenyewe, akabembeleza, akalia mpaka sauti ikakauka. Wapi! Walipotaja Kiptanui, babu wa upande wa baba, mtoto akapiga chafya papo hapo, na wakwe wakashangilia.

Kesho yake Rebeccah akaenda Boito. Yeye aliyezoea kuombwa ruhusa, sasa akaomba. Ogoti akampa mwanasesere. Vitambaa vitupu, lakini vilikuwa na joto.

Janeffer alipomwona mamake mlangoni, kile kitu kimefungwa mgongoni kwa leso, alimkumbatia mwanawe kwa nguvu. "Mama, hicho hakiingii hapa. Kiache nje, uje umbebe mjukuu wako."

Rebeccah alimtamani yule mtoto, jameni, mikono ikamwuma. Lakini mgongoni kitu kilijisogeza, kikamlalia begani.

"Hajazoea kuachwa peke yake," akasema, akageuka, akashika njia ya Kiptere.