Vita vya Pili vya Lar Mulhall

Mwaka ule Waingereza walipovuka bahari kuja Ireland kupiga sinema yao, Lar Mulhall alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, lakini mgongo wake ulikuwa wa mtu wa sabini. Tangu utotoni alikuwa kibarua kwenye mashamba ya wengine katika vilima vya Wicklow, akichimba viazi na kuchunga kondoo wasio wake. Miaka michache tu ndiyo aliyoitumia kwingine, na miaka hiyo hakuitaja kamwe. Alikuwa Ufaransa, kwenye ile vita kuu ya kwanza, amevaa sare ya mfalme wa Uingereza.

Alipoondoka watu walimpungia mikono. Aliporudi, mambo yalikuwa yamegeuka. Vijana waliobaki nyumbani walikuwa wameshika bunduki kuwafukuza Waingereza hao hao, na mtu aliyewahi kuvaa nguo zao hakuwa na wa kumsalimia. Aliyemchukia kuliko wote ni jirani yake wa ng'ambo ya kijito, Garret Tallon, ambaye alifungwa jela kwa kupigania uhuru. Kwa zaidi ya miaka ishirini walisali kanisa moja, na kila walipopishana mlangoni Garret alitazama pembeni. Akishalewa alimwita mbwa wa mfalme, kwa sauti ya kutosha baa nzima kusikia. Lar alimaliza bia yake akaenda zake.

Sasa Uingereza ilikuwa vitani tena. Wanaume wake walikuwa jeshini na mbingu yake imejaa ndege za mabomu, basi wapiga sinema wakaja kwetu, ambako hakukuwa na vita, kutafuta uwanja mpana na watu wa kujifanya askari. Hadithi yenyewe ilikuwa mchezo wa kale wa jukwaani, juu ya mfalme wa Kiingereza aliyewapiga Wafaransa akiwa na jeshi dogo. Wanaume wa vijiji vyote vya jirani walijiandikisha. Mwenye farasi wake alilipwa zaidi.

"Nenda na wewe," Nance, mke wa Lar, alimwambia.

"Mimi vita nimeshakwenda, mama."

"Ile hawakukupa chakula cha mchana. Hii wanatoa."

Akaenda. Walimvika fulana ya kamba iliyofumwa na kupakwa rangi ya fedha ili ionekane chuma. Mvua ikinyesha, fulana ilinyonya maji na kumlemea mabegani kama gunia la viazi. Asubuhi alikuwa Mfaransa, alasiri Mwingereza, na pande zote mbili alikufa. Jua likijificha waliambiwa wasubiri. Likitoka waliambiwa wafe upya.

Garret naye alikuja, juu ya farasi wake jike wa kahawia, amevikwa joho jeupe lenye msalaba mwekundu wa Waingereza kifuani. Wenzake hawakumwacha bila utani.

"Umependeza, bwana Tallon. Mfalme wako anakuulizia."

"Nimemleta farasi tu," Garret akajibu. "Farasi hana siasa."

"Na hilo joho amevaa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Lar hakucheka. Alikuwa amelala kwenye tope, shavu chini, akisikia ardhi ikitetemeka kwa kwato na kunusa majani yaliyopondwa. Nance alikuwa ameogopa kwamba harufu kama hizo zitamrudishia mambo ya zamani, kwamba atapiga kelele. Hakupiga. Alihisi uchovu tu, uliomkaa ndani kabisa ya mifupa, ambao usingizi wa nyumbani haukuupunguza. Jioni alikula kabichi yake kimyakimya, akalala bila kuvua soksi.

Siku ya shambulio kubwa la farasi, jike la Garret liliteleza ukingoni mwa mtaro, likaanguka na kumlalia bwana wake mguu. Garret alipiga yowe. Wote walidhani anaigiza, na wengine wakamsifu moyoni. Lar, aliyekuwa maiti karibu na hapo, aliijua sauti ya namna ile. Akainuka.

"Wewe maiti!" mwongozaji alipaza sauti kwenye kipaza sauti chake. "Lala chini!"

Lar hakugeuka. Alimshika farasi hatamu, akamsemesha polepole mpaka akajipindua na kusimama, kisha akamkamata Garret kwapani na kumburuta hadi nyuma ya mkokoteni. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, na Lar akamtuma kijana mmoja akimbilie daktari. Huko uwanjani kamera ziliendelea.

"Usiniache hapa, Lar," Garret alisema. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu walipokuwa vijana.

"Siendi popote. Daktari ameshaitwa."

Garret alipumua kwa shida, jasho likimtiririka. Baadaye akauliza, "Huko Ufaransa, mlikuwa mnawatoa hivi?"

"Wengine."

"Na wengine?"

"Tuliwaacha walipokuwa."

Mvua ilianza tena, na Lar akavua ile fulana nzito, akamwekea mwenzake chini ya kichwa.

"Nilikuita mbwa," Garret akasema.

"Uliniita mengi."

"Nikuombe radhi?"

"Kama unataka. Ila si leo, Garret. Leo nimechoka."

Lar hakurudi tena kwenye ule uwanja, na Nance hakumlazimisha. Garret alipopona alitembea kwa kuchechemea. Radhi yenyewe hakuiomba, lakini alivuka kijito jioni nyingi na kuketi jikoni kwa Mulhall, wakivuta tumbaku na kuzungumzia kondoo, au wasizungumze lolote.

Sinema ilipofika Dublin walipanda basi wote watatu kwenda kuitazama. Ukumbi ulijaa watu wa Wicklow, kila mmoja akidai kisogo fulani ni chake. Tarumbeta zikalia, mfalme akahutubia jeshi lake, wapanda farasi wakaanza kukusanyika. Nance alimgeukia mumewe amwonyeshe, akamkuta amelala, kidevu kifuani, kofia mapajani.

"Nimwamshe?" alinong'ona. "Vita ndiyo inaanza."

"Mwache, mama," Garret akasema. "Mwache alale."